Jinsi ya Kuwauliza Wananchi Maoni Bila Kuwajibia

Arusha ni mji wa mikutano. Makubaliano ya amani ya Burundi yalisainiwa hapa Agosti 28, 2000. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Wakubwa wakikutana hapa wana vipaza sauti, wakalimani na makarani wanaonakili kila neno.

Sasa panda juu kidogo, Ilboru, Nkoaranga au Poli, ukahudhurie mkutano wa wenyeji. Mabenchi yameazimwa shuleni, mwenyekiti amesimama na daftari kwapani. "Ndugu wananchi, mnakubali, hamkubali?" "Tunakubaliii!" Makofi. Kesho yake, watu wakiteremka sokoni Tengeru, kila mmoja anamweleza mwenzake kwamba yeye hakukubali kitu.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti huyo, wa mtendaji wake, na wa yeyote aliyewahi kupiga makofi kisha akanung'unika njia nzima. Mkutano wa kijiji si jambo dogo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Mama anayesimama pale na mtoto mgongoni ana sauti juu ya ardhi ambayo waziri hana mkutanoni hapo. Tumuulize vizuri, basi.

Kazi inaanzia kwenye swali, na wengi wanavurugia hapo hapo. Tuchukue mfereji, maana kwenye miteremko ya Meru mfereji ndio unaowatoa watu kitandani usiku wakati wa kiangazi. Walio juu wana migomba na kahawa, walio chini wana nyanya, vitunguu na maharage, na maji ni yale yale. Mwenyekiti anauliza: "Je, mnataka mfereji wetu utengenezwe na zamu zipangwe upya ili kila mtu apate haki yake?" Nani atasema hapana? Lakini hayo ni maswali matatu yaliyofungwa kamba moja, kama kuni. Ukijibiwa "ndiyo" hujui ni ndiyo ya nini. Aliyetaka saruji tu atashangaa wiki ijayo zamu yake ya asubuhi imekuwa ya usiku wa manane, na ataambiwa alikubali mwenyewe.

Swali zuri ni hili: "Zamu ya maji ya Jumamosi ibaki kwa walio juu, au ihamie kwa walio chini?" Linajibika, pande zake zote mbili zimetajwa, na halina ndani yake "haki", "mshikamano" wala "maendeleo". Neno maendeleo likishaingia kwenye swali, anayepinga amekuwa adui wa maendeleo kabla hajafungua kinywa. Mwenyekiti anayelipenda neno hilo aliweke kwenye hotuba. Kwenye swali alitoe.

Liandike kwa maka nene kwenye karatasi ya manila, ulibandike siku kadhaa kabla ya mkutano: mlangoni mwa ofisi ya kijiji, dukani, kanisani, msikitini, na hasa kwenye mashine ya kusaga. Mashine ya kusaga isisahaulike kamwe. Pale akina mama hukaa wakisubiri madebe yao, na swali lililokaa ukutani siku nne litakuwa limechambuliwa vizuri kuliko lililotamkwa ghafla mkutanoni saa kumi jioni.

Halafu waache watu waseme kabla ya kura. Namna ya kuua maoni kila mtu anaijua, maana imetufika sote. Ajenda ya kwanza ni kufungua mkutano, ya pili kusoma muhtasari uliopita, ya tatu taarifa ya mapato na matumizi, ya nne mgeni aliyealikwa atoe neno, na mgeni hana neno moja, ana maneno. Mama mmoja ananyoosha mkono kuhusu maji. "Mama, tuvumiliane, utapewa nafasi kwenye mengineyo." Mengineyo inafika ng'ombe wanarudi zizini na nusu ya watu wameshaondoka. Jambo lililowaleta watu ndilo liwe ajenda ya kwanza. Mgeni asubiri yeye. Hana ng'ombe wa kukamua hapo kijijini.

Mpangilio wa wasemaji nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Akitangulia mzee wa ukoo, mkutano umekwisha. Kijana gani mwenye adabu atasimama mbele ya baba yake mdogo aseme, "Shikamoo, lakini umekosea"? Kwa hiyo anza na vijana na akina mama, wazee wafunge. Heshima ya mzee haipungui hapo hata kidogo, maana anayesema mwisho ndiye anayesikilizwa akiwa ameshasikia. Jadi ya kusikilizana tunayo hapa hapa. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya Waarusha, alieleza jinsi walivyomaliza migogoro kwa mazungumzo ya pande mbili hadi maafikiano, bila hakimu wa kukata shauri. Mazungumzo hayo yalichukua muda. Kulazimishana huchukua muda mrefu zaidi, ila unahesabiwa baadaye, kwenye mabaraza ya ardhi na mahakamani.

Karani asimame mbele na karatasi nyingine ya manila. Kila hoja aiandike kwa maneno ya msemaji, ifupishwe bila kupakwa sukari. Mtu akisema "walio juu wanafungua maji usiku kwa siri", isiandikwe "wananchi walishauri ushirikiano uimarishwe". Iandikwe alivyosema. Hoja ikirudiwa, karani aweke alama pembeni yake, asiandike upya; hivyo watu kumi wenye neno moja hawatakula saa nzima, na kila mmoja ataona kwamba ameingia kwenye hesabu. Matusi yafutwe, ukali ubaki. Majina ya watu yasiandikwe kwenye karatasi hiyo, kwa sababu karatasi itabaki ukutani na watu wataendelea kuishi pamoja.

Maneno haya si pambo la kura. Mwaka 1991 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza: chama kimoja au vyama vingi? Takriban asilimia 80 ya waliojibu walitaka chama kimoja kiendelee. Ukiishia kwenye hesabu, kazi imekwisha. Lakini tume ilisikiliza na yale waliyoyasema: wengi miongoni mwa hao hao waliotaka chama kimoja walidai mageuzi makubwa ndani yake. Ikapendekeza vyama vingi, sheria ikabadilishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika 1995. Mpaka leo wapo wanaosema wachache walisikilizwa kuliko wengi. Mimi nasema tume ilisoma majibu yote, na kuhesabu ni nusu tu ya kusoma.

Sasa kura yenyewe. Usipige kura kwa sauti. "Wanaoafiki waseme ndiyo" inapima mapafu, na kijiji kikubwa hakikosi vijana wanne wenye mapafu mazuri walionunuliwa soda. Mikono ni afadhali, lakini mkono unaonekana: anaona anayekudai, anaona mwenye duka anayekukopesha unga, anaona baba mkwe. Kujipanga mistari ndiko kubaya kuliko vyote. Kenya ilijaribu mlolongo kwenye mchujo wa KANU mwaka 1988, na malalamiko yaliyobaki kwenye kumbukumbu ni ya mistari mifupi iliyotangazwa kuishinda mirefu mchana kweupe. Utaratibu huo ukafutwa kabla ya uchaguzi wa 1992.

Tumia maharage. Kila mtu mzima apewe punje moja mkononi anapoitwa jina. Nyuma ya mlango wa ofisi, au nyuma ya kanga iliyofungwa kwenye miti miwili, weka ndoo mbili zenye mifuniko iliyotobolewa. Ndani ya kila ndoo tandika kitambaa chini, na hili ndilo wengi hulisahau: punje ikiangukia plastiki tupu inalia, na aliye nje akitega sikio atajua imelia kushoto au kulia. Kitambaa kinanyamazisha. Atakayepiga kura aingie peke yake, atoke mikono ikiwa wazi. Mwishoni zimwagwe kwenye gunia lililotandazwa mbele ya watu wote, zipangwe kumi kumi, na wahesabu watatu: mmoja wa upande huu, mmoja wa upande ule, wa tatu mwalimu au yeyote asiye na shamba kwenye mfereji huo. Jumla ya punje ilingane na idadi ya majina yaliyoitwa. Isipolingana, mnarudia, hata kama giza linaingia.

Ndoo ziwe na alama kwa ajili ya asiyesoma. Uchaguzi wa 1965, TANU ilipowasimamisha wagombea wawili kwenye jimbo moja, walipewa alama za jembe na nyumba. Kijijini chora duara na pembetatu, vitu visivyo na ndugu. Usiuchoree upande wako ng'ombe na upande wa wenzako fisi.

Na kabla punje ya kwanza haijaingia, tamka wazi ushindi ni nini: nusu na mmoja zaidi, au theluthi mbili? Wameru wanajua uchungu wa kanuni ya theluthi mbili. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu takriban watu 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao iwe ya walowezi, na nyumba zikachomwa moto. Watu wakachangishana fedha. Mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Mkutano Mkuu ulipopiga kura, waliowaunga mkono Wameru walikuwa wengi kuliko waliopinga, ila hawakufika theluthi mbili zilizotakiwa. Azimio likaanguka.

Hapa naomba mwenyekiti asome polepole. Kura ilipotea, lakini maneno hayakupotea. Kirilo alirudi akawaeleza watu wa Tanganyika aliyoyaona na aliyoyasema, na habari ya Engare Nanyuki ikawa darasa la wapigania uhuru. Mwaka 1967 yeye na Seaton walichapisha kitabu kuhusu kesi hiyo. Leo mjukuu wa aliyechomewa nyumba anaweza kusoma babu yake alidai nini na kwa hoja gani, kwa sababu mahali fulani palikuwa na karani aliyeandika hoja za upande ulioshindwa.

Karani huyo ndiye anayekosekana vijijini kwetu. Muhtasari wa kawaida unasema: "Wajumbe walijadili kwa kina na kukubaliana kwa kauli moja." Kauli moja! Watu 200, mfereji mmoja, kiangazi, halafu kauli moja. Andika kura zilizokubali, andika zilizokataa, kisha andika sababu tatu kubwa za waliokataa. Karatasi zote mbili, ya hoja na ya matokeo, zibandikwe kesho yake asubuhi pale pale lilipokuwa swali, zikae hadi mkutano unaofuata. Zifunike kwa nailoni, maana mvua za Meru haziulizi. Mwaka ujao zamu ikileta ugomvi, na italeta, hamtaanza sifuri. Mtaanzia kwenye sababu zile tatu.

Karatasi ya mahudhurio iwe mbali kabisa na haya. Iandikwe juu yake kwa herufi kubwa: MAHUDHURIO TU. Saini za watu waliokuja kusikiliza zimeshabandikwa nyuma ya maamuzi ambayo wenyewe hawakuyafanya, hasa ya ardhi, na mwenye saini huja kujua siku anapoona mipaka inapigwa. Mwananchi, usisaini karatasi isiyo na kichwa cha habari. Ikibidi, andika mwenyewe "nimehudhuria" kando ya jina lako.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti, kwa ule unaokuja nunua manila za kutosha, maka moja na kilo ya maharage. Havifikii gharama ya chai ya mgeni. Nawe mwananchi, siku ya pili yake pita ofisini uangalie ukuta. Usipoona kitu, ingia ndani ukaombe kuusoma muhtasari, na usiende peke yako. Nenda na jirani aliyepiga kura tofauti na yako.