Shajara ya Kaunta Namba Mbili

Jumatatu
Nimekabidhiwa droo ya kuanzia siku: noti za elfu tano na elfu kumi, zote mpya. Sarafu hamna. Meneja anasema sarafu zitaletwa na wateja. Wateja wa Sinza asubuhi sarafu zao wamekwisha kumpa konda wa daladala.

Mzee mmoja kachukua mkate wa 1,950, katoa 2,000. Nimempa shikamoo na pipi. Shikamoo kaipokea, pipi kairudisha, ana kisukari. Nikamsogezea kiberiti, ambacho ni cha 100. Nacho kakikataa, hapendi kudaiwa. Tumeandika kwenye daftari kwamba duka linadaiwa shilingi 50.

Jioni droo imezidi shilingi 50. Ikipungua ni shoti, nakatwa kwenye mshahara. Ikizidi naandika maelezo. Nimeandika.

Jumanne
Mzee kaja kudai. Hamsini bado haijapatikana. Kasema hana haraka, akasimama pembeni ya kaunta kuonyesha jinsi asivyo na haraka.

Kwenye friji, maziwa yanayokaribia kuisha muda hukaa mbele, mapya hupangwa nyuma. Wateja wanaujua utaratibu huu kuliko wafanyakazi wapya. Mama mmoja kazamisha mkono mpaka begani, kaangusha mtindi, kaibuka na pakiti ya mwisho kabisa. Kaninong'oneza kwamba hizi za mbele tumeweka za kuuza. Nikamwambia hata hiyo aliyoshika tunauza. Hakupenda.

Huyo huyo kapinga nyanya zake. Mzani wetu una kibandiko cha Wakala wa Vipimo na unasema kilo moja. Mama ana kiganja, na kiganja kinasema robo tatu. Meneja kaongeza nyanya moja ili foleni isogee. Sasa foleni nzima inapima kwa kiganja.

Jumatano
Mvua. Watu wamejaa dukani kuliko siku ya mshahara, wote wakisoma kwa makini maandishi ya nyuma ya sabuni. Ilipokatika wakatoka. Tumeuza Big G moja.

Alhamisi
Kijana kalipa kwa lipa namba. Kwake muamala umepita. Meseji ya kuthibitisha, hata hivyo, huingia kwenye simu ya meneja, na meneja alikuwa msalani, yeye na simu yake. Foleni ikaanza kujadili afya ya meneja. Kila mtu alikuwa na dawa. Aliporudi akatangaza kwa sauti kwamba imeingia. Foleni ikampongeza.

Dakika hiyo hiyo umeme ukakatika. Mpaka jenereta ilipokubali, mashine ilikuwa imesahau bidhaa zote, nami nikaanza upya na mteja mwenye unga, mafuta, dawa za mbu na swali: mbona sukari mmepandisha? Zamani nilikuwa naeleza mambo ya viwanda na msimu wa miwa. Siku hizi nasema pole. Pole inatosha, na inaenda haraka kuliko miwa.

Ijumaa
Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na kila jioni kuna mtu anayeipata habari hii kwangu kwa mara ya kwanza. Wa leo alikuwa na mayai kumi na mawili. Mfuko mbadala kauita wizi. Mayai kayapanga ndani ya kofia yake, akatoka kichwa wazi, kwa heshima zote. Mlinzi kamfungulia mlango. Mlango wetu hujifunga kwa springi.

Mlinzi ndiye aliyepiga deki.

Jumamosi
Mwisho wa mwezi. Watu wanajaza kikapu kwa moyo mmoja na kukipunguza kwa mwingine wakishaona jumla. Siagi ndiyo hurudishwa kwanza. Wenye aibu hawarudishi kwangu, huacha kitu wanapopita: leo kuku wa kugandishwa kapatikana nyuma ya nepi za watoto, si wa kugandishwa tena. Nimeulizwa kama nilimwona aliyemweka. Nimeambiwa niandike maelezo.

Kabla ya kufunga, meneja kabandika karatasi juu ya mashine yangu: TABASAMU NI BURE. Mteja wa mwisho kaisoma mara mbili, kisha akauliza: bure ukinunua nini?

Nikamwambia promosheni inaanza Jumatatu.