Sahani ya Mgeni Yapata Mwenyewe

Mtungi wa bitiruti ulivunjika saa nane mchana, tarehe 24 Desemba, nyumbani kwa wakwe zangu Kraków, Poland. Watoto walikuwa wakifukuzana jikoni, mmoja akaupiga kiwiko, ukaanguka. Maji mekundu yakatambaa mpaka chini ya friji, harufu ya kitunguu saumu ikajaa nyumba nzima.

Ule haukuwa msiba mdogo. Bitiruti hukatwakatwa, zikalowekwa kwenye maji ya chumvi na vitunguu saumu, zikaachwa karibu wiki nzima mpaka maji yachachuke. Hayo ndiyo huipa barszcz, supu ya bitiruti, uchachu wake, na kwa familia hii barszcz ndiyo hufungua Wigilia, mlo wa mkesha wa Krismasi wenye vyakula 12 visivyo na nyama. Maduka nayo yalikuwa yamefungwa, maana tangu 2025 siku hiyo ni sikukuu ya taifa.

Mama mkwe alikaa kitini, mikono mapajani, asiseme neno. Mume wangu akashika dekio. Mimi nikashuka ngazi kubisha kwa jirani wa chini, bibi mjane aishiye peke yake. Akanisikiliza, akaenda kabatini, akarudi na chupa ya maji ya bitiruti yaliyochachuka. Alikuwa ametengeneza ya kwake na hakuwa na wa kunywa naye.

Mama mkwe aliposikia hilo alivua aproni, akashuka mwenyewe kumwita.

Mezani kila kitu kilikuwa tayari: kitambaa cheupe juu ya nyasi kavu, ukumbusho wa hori alimolazwa Yesu, na sahani moja ya ziada ambayo Wapolandi humwandalia mgeni asiyetarajiwa. Krismasi zote za nyuma nilikuwa nikiiona ikirudishwa kabatini safi. Nyota ya kwanza ilipotokea tulimega opłatek, mkate mwembamba kama karatasi; kila mtu humega kipande cha mwenzake na kumtakia heri. Kisha bibi akaketi penye sahani ile. Mama mkwe akamwongeza supu mara ya pili bila kumuuliza.

Wapolandi husema mgeni akiingia nyumbani, Mungu ameingia. Sisi twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mtu mpweke haoni rahisi kujialika. Ukiandaa sahani ya mgeni, kabishe hodi kwa jirani kabla hujaketi kula.