Nyumba Yetu Imehamia Maniema

Ndugu msomaji, wewe unayeishi na bibi, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, nionee huruma. Kifungua mimba wetu, Komanda, ameapa kuwa nahodha wa meli za Bukavu na Goma, tena nahodha asiyetaka GPS. Anataka nyota.

Kitabu cha Kifaransa alichoazima kinamwelekeza kwa Nyota ya Kaskazini. Wapi! Sisi hapa Bukavu tuko digrii 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Nyota hiyo iko chini ya upeo wetu. Akahamia Msalaba wa Kusini. Nyota yake ya chini ikifika juu kabisa, huku kwetu inasimama kama digrii 29 na nusu, na hesabu fupi inakupa latitudo. Lakini uipime kutoka wapi, na Ziwa Kivu limezingirwa na milima? Wavumbuzi wa zamani walimwaga zebaki sahanini, wakapima pembe kati ya nyota na sura yake humo, wakagawa kwa mbili. Komanda, na sekstanti yake ya kasha la CD na vipande vya kioo, akatumia mafuta ya kukaangia sambaza, kwenye sinia la mama mkwe. Mama mkwe huyo, tunayemwita Mama Jenerali, akatoka gizani kwenda msalani, akaukanyaga Msalaba wote. Kelele zilifika Kadutu.

Ikabaki longitudo. Hiyo ni kazi ya mchana: unasimamisha mti uani, unavizia saa ambayo jua liko katikati ya safari yake. Mama Jenerali akaanika vitenge juu ya mti huo, tukavumilia. Balaa ni saa ya ukutani anayosomea wakati huo. Bibi yangu, Waziri Mkuu, huitanguliza dakika 10 ili Komanda asichelewe shule, na sote tunajua isipokuwa Komanda. Sasa, kila dakika 4 ni digrii 1, na huku karibu na Ikweta hizo ni kilomita 111. Saa ikitangulia, unajikuta magharibi.

“Papa, tunakaa jimbo la Maniema!”

Nikamtazama Waziri Mkuu. Akaendelea kusonga bugali. “Huko Maniema,” akasema, “shule inaanza saa ngapi?”

Saa haikuguswa. Simu nayo mtoto haitaki, eti ni GPS iliyojificha. Msomaji, kama una saa ya mkono inayokwenda sawa, utuazime, ila mletee Komanda mwenyewe, mama yake asiione.