Madihi ya Rangi Mbovu

Motokaa za zamani zimekwisha pata wasemaji wengi. Peugeot 404, kwa mfano, ambayo umbo lake lilitoka katika karakana ya Pininfarina huko Italia, na ambayo ilishinda mbio za Safari za Afrika ya Mashariki mwaka 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, haina haja ya kutetewa na mtu, kwani hata leo mzee wa Mombasa akiiona ikipita hunyamaza kidogo na kuifuata kwa macho. Mimi nimesimama kumtetea mja mwingine, mnyonge, ambaye kila amwonaye hukunja uso na kuuliza jina la fundi kwa nia isiyo njema. Naye ni rangi iliyopigwa vibaya juu ya mgongo wa motokaa hiyo tukufu.

Nasaba yake haijifichi. Aghalabu huzaliwa uani, chini ya mwembe, kando ya kompresa inayokohoa, vioo vya gari vikiwa vimestiriwa kwa magazeti ya juzi, na upepo wa bahari ukileta chumvi na mchanga bila ya kualikwa. Fundi akiichanganya nzito kupita kiasi, au akilishika bomba mbali mno na bodi, matone huanza kukauka kabla hayajatandaa, na uso wote ukatoka na vijishimo vya ganda la chungwa. Akisogea karibu mno na kukawia mahali pamoja, labda kwa sababu mteja amefika na anataka kusalimiwa, rangi hulemewa na uzito wake ikatiririka mlangoni kwa machozi. Na pale ambapo nta yenye silikoni haikufutwa, rangi hukataa kushika, ikajitenga na kuacha vitundu vya mviringo. Ikiwa ni rangi ya kale ya selulosi, na siku yenyewe ni ya unyevu, kama zilivyo siku nyingi za pwani, thina inaporuka huipoza bodi, mvuke wa hewani ukatua juu ya rangi ingali mbichi, nayo ikafunikwa na ukungu mweupe ambao mwenye gari huuona akashika kichwa.

Lakini tazama, ewe msomaji mwenye insafu, ukweli uliomo humo! Rangi kamilifu ni bubu: haikuambii ilipigwa wapi, wala na nani, wala kwa ujira gani. Rangi mbovu hutoa ushahidi wote. Hueleza kuwa siku ile palikuwa na upepo, kuwa fundi alihimizwa, kuwa puti ya madigadi ya kushoto haikupewa muda wa kukauka, na, jambo ambalo wenye magari hawapendi kulisikia, kuwa bei ilipunguzwa na kupunguzwa tena hadi msasa wenyewe ukapungua. Sijaona hati ya mapatano iliyo wazi kuliko mlango wa 404 uliolia machozi.

Na hisani zake kwa bwana wake hazina idadi. Motokaa ya zamani ikimeremeta haiwi tena mali ya mwenyewe: kila jirani mwenye binti wa kuozwa ataiazima ikapambwe maua, na asiyepewa atanuna mwaka mzima; lakini ikiwa na ukungu juu ya boneti, jirani huyo huyo atasema kwa adabu kubwa kuwa hapendi kumsumbua mtu. Paka hulala juu yake, mchuuzi huegesha kikapu chake cha mihogo juu ya buti, na moyo wa mwenyewe haushtuki. Wala hana dhiki ya kuipeleka Nairobi kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, ambako waamuzi huikagua gari hadi chini ya tumbo, na watu wazima wenye heshima zao huinama wakisugua vyuma ambavyo Mungu na Peugeot walikusudia viwe na matope.

Wapinzani wangu hawatakosa kusema kuwa taksiri hizi zina dawa, na wanasema kweli. Machozi yakikauka sawasawa hukwanguliwa kwa wembe, yakasuguliwa kwa msasa wa maji namba 1500, baadaye 2000, na mwisho yakang'arishwa. Ganda la chungwa husawazishwa kwa njia iyo hiyo. Vitundu vya silikoni havitibiki kwa kung'arisha. Hapo ni kukwangua, kusafisha na kupiga upya. Nakubali yote, ila nauliza ni wangapi wajuao kuuzuia mkono. Rangi juu ya bodi haizidi sana unene wa karatasi, na kwenye kingo ni nyembamba zaidi, hata anayesugua kwa ghadhabu huipita akaifikia praima, na palipokuwa na machozi mawili pakawa na kidonda kimoja.

Isitoshe, haraka haikuzuliwa na fundi wa uani. Zamani za rangi za brashi, gari liliweza kukaa kiwandani majuma kadhaa likisubiri tabaka zikauke. Ilipofika 1924, General Motors walizipaka motokaa zao za Oakland rangi ya Duco, selulosi iliyotengenezwa na DuPont, na kungoja kwa majuma kukawa kwa saa. Tangu hapo kila mtu ataka rangi ya leo kwa leo, na lawama zikamwangukia aliye chini ya mwembe.

Iko rangi moja tu ambayo ulimi wangu unakataa kuisifu, iwe imetoka mbovu au safi: ni ile ya kisasa inayochanganywa na kigumishio chenye isosayaneti, ikipulizwa na kijana aliyejifunga leso puani. Hung'aa na kudumu, lakini mvuke wake huweza kumwachia mpulizaji pumu ya maisha, na leso haizuii kitu, wala barakoa ya vumbi. Hutakiwa kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Kwa hiyo, bwana mwenye 404, ukiwa huwezi kuyavumilia machozi ya mlangoni na umeazimia kupata bodi ya kioo, usianze kwa kubishana bei. Mlipie fundi banda la kufungwa, mlipie kifuniko hicho, umwache angoje siku kavu; na kama fedha hizo huna, au unazo na hutaki kuzitoa, iache rangi yako ilivyo, na umwombe fundi radhi kwa yale uliyoyasema.