Mpira Umeanguka, Mtu Ametolewa

Aliyeniketisha ni mtoto. Soseji mkononi, penseli sikioni, daftari la kujazia matokeo mapajani. "Bwana, kaa chini, ameshatolewa." Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma mpaka leo. Nilikuwa nimesimama peke yangu katika safu nzima ya viti vya Fenway Park, Boston, mikono juu, nikishangilia mpira ulioponyoka glavu ya mdakaji na kuanguka nyasini mbele ya watu elfu thelathini na ushee. Shemeji yangu, aliyenipeleka, aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Naomba ieleweke: mpira ulianguka. Kwenye treni nilifundishwa besiboli kwa sentensi mbili, nikazishika zote. Mpira ukidakwa hewani, mpigaji ametolewa. Ukianguka, akimbie.

"Shem, umeanguka ule."

"Umeanguka."

"Kwa hiyo hajatolewa."

"Ametolewa."

Kumbe mwamuzi alishanyoosha kidole juu wakati mpira ungali angani. Wenzangu wote walikitazama kidole. Mimi, mshamba, nilitazama mpira.

Kanuni yenyewe ni ya tangu miaka ya 1890, na ni tamu kuliko mchezo. Tuseme kuna wakimbiaji kituo cha kwanza na cha pili, au vituo vyote vitatu vimejaa, na hawajatolewa watu wawili. Mpigaji anaupaisha mpira juu, mlaini, na mdakaji anausubiri chini yake bila hata kutoa jasho. Sasa mtazame maskini aliyeko kituo cha kwanza. Akichomoka na mpira ukadakwa, atashindwa kuwahi kurudi, atatolewa. Akitulia na mpira ukaanguka, atalazimika kuondoka, maana mpigaji yuko njiani kukidai kituo chake, na huko aendako mpira utamtangulia. Mdakaji mjanja analijua hilo. Anauachia mpira udondoke miguuni, anauokota, anaurusha kituo cha tatu, wa tatu wanaurusha cha pili, na watu wawili wanatolewa kwa uzembe wa makusudi. Ndipo wakubwa wakaamua: mpira wa namna hiyo, mpigaji ametolewa ukiwa bado hewani. Mdakaji audake asiudake, shauri yake. Wakimbiaji wabaki walipo. Anayetaka kukimbia, akimbie kwa hatari yake mwenyewe. Yaani watu wazima walikaa wakatunga sheria ya kumzuia mtu asijifanye goigoi kwa faida yake. Nilisisimka kwa dhati. Kuna ofisi kadhaa ninazozijua zinaihitaji sheria hiyo kesho asubuhi.

Tatizo ni kwamba mtoto alinieleza kwa sauti, na watu wakasikia.

"Siyo kila mpira," alidakia mzee wa nyuma yetu. "Lazima uwe unadakika kwa juhudi za kawaida."

"Za kawaida za nani?" aliuliza mama mmoja bila kugeuka.

"Za mdakaji wa wastani."

"Upepo je?"

"Upepo unahesabiwa!"

Kisha mtu akataja Atlanta, ikawa kama ametaja mirathi msibani. Oktoba 2012, mechi moja ya kufa na kupona, Atlanta dhidi ya St. Louis. Mpira ukapaa mbali, ukaanguka kati ya wadakaji wawili, na mwamuzi akawa ameshanyoosha kidole. Mashabiki wakamwaga chupa na takataka uwanjani, mchezo ukasimama dakika 19. Atlanta wakaweka pingamizi, likatupwa usiku huohuo, wakafungwa 6 kwa 3. Mama alisema mwamuzi alikuwa sahihi. Mzee alisema hata sahihi ina aibu zake. Akaongeza kwamba mwaka 1975 jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapa makala kuhusu chimbuko la kanuni hii na sheria za kale za Waingereza. Nilidhani anamtania mgeni. Nimefuatilia: ni kweli tupu.

Wakati wote huo mchezo ulikuwa unaendelea, na hakuna aliyeutazama ila mtoto.

Mengine yalipita haraka. Haradali yangu ilihamia shati la jirani. Mpira uliopotea njia ulinijia usoni, mtoto akaudaka kwa kofia. Sare ilipotufikisha awamu ya kumi, mchezaji aliwekwa kituo cha pili bila kupiga chochote. Nilipouliza amefikaje pale, nilijibiwa kuwa ndiyo sheria tangu 2020.

Halafu mzee akaniuliza, kwa wema kabisa, kama Afrika tunaujua mchezo huu. Nikamwambia habari za Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda kule Kutno, Poland, wakawa Waafrika wa kwanza kufuzu ubingwa wa dunia wa watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Wakanyimwa viza, kwa maelezo kwamba nyaraka za umri hazilingani. Nafasi yao wakapewa watoto kutoka Saudi Arabia, waliofungwa nao fainali. Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wacheze nao, ilibidi wasafiri wenyewe hadi Uganda Januari 2012 ili mechi ipatikane. Mwaka huohuo timu ya Lugazi ikapita, ikacheza Williamsport, ikashinda mechi.

Hapa nilipandisha sauti. Kwenye ligi hii, tangu 2014, kocha akitilia shaka kama mguu umegusa kituo, watu wa New York wanarudia picha za video pembe zote mpaka haki itoke. Mtoto aliyeshinda uwanjani akigongewa "hapana" kwenye dirisha la viza, New York ipi anayoipigia?

Mzee alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Inategemea," akasema, "mwaka ule umri ulihesabiwa kuanzia tarehe ipi."

Mama akageuka kwa mara ya kwanza. "Tarehe ilishabadilishwa!"

Mtoto akachomoa penseli sikioni.