Sifa za Antilagi, Adui wa Subira

Wahenga wetu waliisifu subira hata wakaihisabu kuwa ufunguo wa faraja. Wala sina nia ya kuwapinga, illa nasikitika kuwa hawakujaaliwa kuendesha gari lenye turbo. Maana turbo, ambayo huzungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani ya silinda, ina tabia ya kusinzia kila dereva anapoachia mafuta konani, na akikanyaga tena hana budi kuingoja iamke; kungojea huko, ijapokuwa hakutimizi hata sekunde mbili, kwa mtu wa mashindano ni dhulma.

Ndipo ikaja antilagi, ambayo hisani yake haina kifani. Fundi hukiacha kilango cha hewa wazi kidogo ingawa mguu umekwisha kuondoka, akazidisha petroli, kisha akaichelewesha cheche ya plagi, ambayo kwa ada huruka kabla pistoni haijafika juu, hata ikaruka nyuzi 20 au 30 baada ya kupita. Basi mafuta, yakiwa yamenyimwa wasaa wa kuungua mahali pake, hutoka yangali yanawaka, yakamalizia ghadhabu yake katika manifoldi ya ekzosi na kuizungusha turbo isilale. Ni ukarimu wa mwenye nyumba akeshaye na jiko linalowaka, naye hakualika mtu, asije mgeni akafika akangoja chai.

Toyota, katika Celica GT-Four ya 1994 waliyoiuzia raia ili wapate idhini ya kushindana katika rali, walivitia vifaa vya antilagi lakini wakaviacha vimelala: adabu kubwa hiyo, kumwachia mnunuzi hiari ya kujifilisi. Na vijana wa Nairobi, ambao mapenzi yao kwa Subaru hayakupoa tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, huitamani milipuko ya antilagi hata katika foleni, ambamo hakuna wa kumshinda.

Fadhila yake nyingine, isiyotajwa aghlabu, ni kumkumbusha dereva Mola wake. Kwani kilango kisipofunga, ombwe linaloisaidia breki hupungua, pedeli ikawa nzito, na injini nayo ikakataa kulizuia gari mteremkoni. Kadhalika huwaruzuku wengi: joto la moshi likipita nyuzi 900 za selsiasi, manifoldi hupasuka, vali huungua, mapezi ya turbo huliwa, na wauza vipuri wa Kirinyaga Road hupata karo za watoto.

Yupo fundi mwenye insafu (nao si wengi) ambaye huiwekea kikomo, ijizime yenyewe joto likizidi au sekunde kadha zikipita. Mteja hushukuru, hulipa, huondoka; na kesho yake asubuhi hurejea kulalamika kuwa gari halipigi kelele ya kutosha.