Baba Mkwe Ana Vita, Mimi Nina Ng'ombe Sita

Mshenga, shikamoo. Mimi ni kijana wa Kisangu, kwetu Utengule, Mbeya. Nimepeleka posa Iringa. Kila tukigusa mahari, baba mkwe anaingia vitani: Lugalo, Nyundo, mikuki. Akitoka huko, ng'ombe wameongezeka. Juzi kaniita "mjukuu wa Merere", ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nifanyeje?
Mkwe Mtarajiwa, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Mzee hakuchukii, anapandisha bei tu. Tena ana hoja. Wazee wake waliwatimua wazee wako Usangu, mtemi wenu Merere akaenda kujihami na ngome huko huko Utengule. Alipokuja Mjerumani, Merere akaona heri adui mgeni kuliko adui jirani, akashikana naye dhidi ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Deni la namna hiyo halilipwi kwa ng'ombe sita, na ukibisha litazaa.

Kwa hiyo siku ya kikao kunywa ulanzi wako taratibu. Akifika tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipomvizia kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski pale Lugalo, wewe itikia "ehee!" Jamaa huyo ndiye aliyeitwa Nyundo, na siku hiyo alikuta misumari imemgeuzia ncha. Alikufa yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake; bunduki zikabaki kwa Wahehe. Usiulize zilikwenda wapi. Zitaingizwa kwenye mahari.

Na usithubutu kumkumbusha mwaka 1894, ngome ya Mkwawa ilipoanguka. Anaujua. Anajua pia kwamba Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe, na kwamba fuvu lake halikurudishwa kutoka Ujerumani mpaka mwaka 1954. Mtu mwenye uchungu hatoi punguzo.

Mshenga mwenzangu mmoja wa Tukuyu alijisahau. Mzee alikuwa amefika Oktoba 1894, mizinga ya Mjerumani imeshapangwa, watu kimya. Mwenzangu, ulanzi umemkolea, akadakia:

"Kwani Mjerumani kalenga wapi?"

"Kalenga."

"Najua kalenga, mzee. Nauliza wapi?"

"Kalenga!"

"Sawa, kalenga. Lakini kalenga wapi?"

Mzee akamgeukia mwandishi wa kikao: "Ongeza ng'ombe wa tisa. Huyu haelewi mpaka alengwe yeye."